Luol Deng na jezi ambayo hakuwahi kuivaa

Tarehe 28 Julai 2024, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79 na kupata ushindi wake wa kwanza wa mpira wa kikapu kwenye Olimpiki. Nchi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza miaka 13. Kabla ya mechi kuanza waandaaji walipiga wimbo wa taifa wa Sudan badala ya ule wa Sudan Kusini, wakaukatisha, na ikabidi wachezaji wasubiri hadi wimbo wao ulipopatikana. Mtu aliyetajwa kuliko wote siku ile hakugusa mpira. Luol Deng alikuwepo kama rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Alikuwa amecheza misimu 15 katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na kuiwakilisha Uingereza kwenye Olimpiki ya London 2012. Sudan Kusini, nchi aliyozaliwa, hakuichezea hata dakika moja ya mashindano rasmi.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu huku Afrika Mashariki mjadala wa mwanamichezo mwenye uraia pacha huishia haraka kwenye maneno mawili, uzalendo na usaliti. Mchezaji akivaa jezi ya nchi iliyompokea, ametukana alikotoka. Akirudi nyumbani, ni shujaa. Ukiifuata safari ya Deng mwaka kwa mwaka, unaona kwamba moyo wake haukuwa ndio ulioamua jezi. Tarehe ndizo zilizoamua: lini alipata pasipoti, lini aliingia uwanjani na timu ya taifa, lini nchi yake ilizaliwa, lini ilipokewa na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia. Naamini alifanya uamuzi sahihi kila mara alipofika njia panda, ukiwemo ule ambao baadaye ulimfungia mlango.

Alizaliwa tarehe 16 Aprili 1985 mjini Wau, wakati huo Sudan, katika familia ya Wadinka. Vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza miaka miwili kabla. Baba yake, Aldo Deng, alikuwa mwanasiasa aliyewahi kuwa mbunge na waziri, na baada ya mapinduzi ya Omar al-Bashir ya 1989 alitiwa kizuizini. Watoto walipelekwa Misri. Huko walikutana na Manute Bol, Mdinka mwenzao aliyecheza NBA, ambaye alimfundisha kaka yake Luol, Ajou, mpira wa kikapu, na mdogo mtu akawa anatazama na kuiga. Familia ilipopata hifadhi ya kisiasa Uingereza, ikahamia kusini mwa London. Luol alijiunga na klabu ya Brixton Topcats chini ya kocha Jimmy Rogers, akachezea timu ya vijana ya England, na alipofika umri wa miaka 14 akavuka bahari tena kwenda shule ya Blair Academy, New Jersey.

Kwa hiyo kabla hajaota ndevu alikuwa ameshaishi katika nchi nne, na hakuna hata moja ambayo ungeweza kusema ameichagua yeye. Vita viliichagua Misri. Ofisi ya uhamiaji iliichagua Uingereza. Marekani aliifuata kwa sababu ya mpira.

Kazi yake NBA nitaipitia kwa kasi, kwa kuwa inajulikana. Msimu mmoja chuo kikuu cha Duke, 2003 hadi 2004, akafika nao nusu fainali za taifa. Kwenye drafti ya 2004, yaani zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa wa 7 na Phoenix Suns, na usiku uleule haki zake zikahamishiwa Chicago Bulls. Chicago ndiko alikojijenga: pointi 18.8 kwa mechi msimu wa 2006/07, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 71 mwaka 2008, mechi ya nyota wote mara mbili, 2012 na 2013. Kocha Tom Thibodeau alimchezesha kuliko mchezaji yeyote wa ligi: aliongoza NBA kwa wastani wa dakika misimu miwili mfululizo. Hakuwa mtu wa madoido. Alikaba mshambuliaji hatari zaidi wa wapinzani, akakimbia mashambulizi ya kushtukiza, akarudi kukaba tena. Kisha akapita Cleveland, Miami, Los Angeles Lakers na Minnesota, na Oktoba 2019 akasaini mkataba wa siku moja ili astaafu akiwa mchezaji wa Bulls.

Kinachotuhusu hapa ni Oktoba 2006. Akiwa na miaka 21, Deng aliapishwa kuwa raia wa Uingereza katika hafla iliyofanyika Croydon.

Niweke jambo moja pembeni. Wachezaji wengi wa kulipwa hutafuta uraia wa pili kwa ajili ya kazi. Ligi nyingi za Ulaya huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni kwa kila timu, hivyo pasipoti inayokutoa kwenye kundi la wageni huweza kukupandisha thamani kuliko pointi tano za ziada kwa mechi. Baada ya Mkataba wa Cotonou wa 2000 kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, hata pasipoti za baadhi ya nchi za Afrika ziligeuka mali kwenye soko hilo, na Wamarekani wasiowahi kukanyaga bara hili wakawa wanazitafuta. Deng hakuwa na haja hiyo. NBA haina kikomo cha uraia, na mshahara wake usingebadilika hata senti moja kama angebaki na pasipoti ya Sudan. Pasipoti ya Uingereza ilimpa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni utulivu wa kusafiri, kwa sababu Sudan ilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi tangu 1993, na kila anayesafiri kwa hati za nchi ya namna hiyo anajua maana yake kwenye dirisha la uhamiaji. Cha pili ni timu ya taifa.

Hapa sheria ya FIBA inaingia. Kwa ufupi inasema hivi: mchezaji mwenye uraia wa nchi mbili au zaidi anaweza kuchagua nchi ya kuichezea, lakini akishacheza mashindano rasmi ya FIBA na timu moja ya taifa baada ya kutimiza miaka 17, amechagua. Mechi za utotoni hazimfungi. Zile alizocheza Deng na England akiwa kijana mdogo zilimwacha huru. Mwaka 2007 alipovaa jezi ya timu ya wakubwa ya Uingereza, akiwa na miaka 22, alifungwa.

Wapo wanaosema alikosea hapo, kwamba angesubiri. Natamani wanaosema hivyo wakae na kalenda ya 2007 mkononi, wasitumie ya leo.

Mwaka ule hapakuwa na nchi iitwayo Sudan Kusini. Kulikuwa na makubaliano ya amani yaliyotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, yaliyowapa watu wa kusini haki ya kupiga kura ya maoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. John Garang, kiongozi wa wapiganaji wa kusini, alikufa kwenye ajali ya helikopta Julai mwaka huohuo, majuma machache baada ya kuapishwa kuwa makamu wa kwanza wa rais. Nani angeweza kuapa kwamba kura itapigwa, na ikipigwa itaheshimiwa? Timu pekee ya taifa ambayo Deng angeweza kuichezea kwa asili yake ilikuwa ya Sudan, yaani bendera ya serikali iliyomfunga baba yake na kuwafanya ndugu zake kuwa wakimbizi. Sioni mtu mwenye haki ya kumdai hilo.

Chukua basi njia ya kusubiri, uifuate hadi mwisho. Kura ya maoni ilifanyika Januari 2011 na karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga. Uhuru ukaja tarehe 9 Julai 2011. Uanachama wa FIBA ukaja Desemba 2013. Mashindano makubwa ya kwanza ya Sudan Kusini, AfroBasket ya mataifa ya Afrika, yalikuwa Kigali mwaka 2021. Siku hiyo Deng angekuwa na miaka 36, tayari amestaafu miaka miwili nyuma. Kusubiri kungemfanya amalize kazi yote bila kuichezea nchi yoyote duniani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, lakini methali hiyo inachukulia kwamba kwao kupo, kuna uwanja na kuna mtu wa kupiga ngoma. Kwao Deng kulikuwa bado kunapiganiwa.

Na Uingereza hakuichezea kwa mkono mmoja. Timu ile ilikuwa changa, imeunganishwa kwa sababu ya Olimpiki ya London, ikianzia daraja la pili la Ulaya. Akiwemo yeye ilipanda daraja, na mwaka 2008 ikafuzu EuroBasket ya 2009, mashindano ya mataifa ya Ulaya. Machi 2011 FIBA ikakubali kwamba wenyeji watashiriki Olimpiki. Mara ya mwisho Uingereza ilikuwa na timu ya wanaume ya kikapu kwenye Olimpiki ilikuwa 1948, nayo pia London.

Januari 2012 Deng alichanika kano ya kifundo cha mkono wa kushoto akiwa na Bulls. Upasuaji ungemkosesha Olimpiki. Aliuahirisha. Alimaliza msimu mkono ukiwa hivyo, akaenda London, akacheza mechi zote tano. Klabu yake ndiyo iliyokuwa ikimlipa mamilioni, na ndiyo ambayo ingebeba hasara mkono ukiharibika zaidi. Uingereza ilikuwa ikimpa jezi tu. Hapo ndipo hukumu ya usaliti inapoishiwa pumzi kwa pande zote mbili: mtu huyu alihatarisha riziki yake kwa nchi ambayo kuna watu walidhani ameitumia tu kama kituo cha basi. Matokeo yalikuwa ushindi mmoja, 90 kwa 58 dhidi ya China, na vipigo vinne, kimojawapo cha pointi moja, 78 kwa 79, mbele ya Hispania iliyokuja kuchukua medali ya fedha. Timu haikuvuka hatua ya makundi. Mwaka 2014 shirika linalogawa fedha za michezo ya kiwango cha juu, UK Sport, likaondoa ufadhili wake kwa mpira wa kikapu kwa hoja kwamba haukuwa na matumaini ya medali.

Hili la mwisho nalipa uzito mkubwa. Deng aliona kwa macho yake jinsi timu ya taifa inavyojengwa kwa nyota mmoja na fedha za msimu, na jinsi inavyobaki tupu vyote viwili vinapoondoka. Sijui somo jingine lolote la uongozi wa michezo ambalo lingemfaa zaidi kwa kazi iliyokuwa inamsubiri.

Wakati huohuo uraia wake wa kwanza ulikuwa umebadilika chini ya miguu yake. Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ya 2011 ilimtambua kuwa raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye mzazi, babu, bibi au hata mzaa babu yake alizaliwa katika eneo la nchi hiyo, pamoja na kila aliye wa mojawapo ya makabila yake ya asili. Pia iliruhusu uraia wa nchi nyingine. Khartoum ikajibu mwaka huohuo kwa kurekebisha sheria yake: yeyote anayepata uraia wa Sudan Kusini anapoteza ule wa Sudan. Mzaliwa wa Wau aliyeondoka nchini akiwa Msudani akawa Msudan Kusini na Mwingereza bila kuhama hatua moja kutoka Chicago. Ndiyo maana kosa la wimbo wa taifa kule Lille lilichoma namna ile. Kwa kizazi cha Deng, wimbo ule ulikuwa wa dola iliyowafukuza.

Sasa, je, mlango wa FIBA ulikuwa umefungwa kabisa? Hapana. Kanuni zina upenyo: katibu mkuu wa FIBA anaweza kumruhusu mchezaji aliyekwisha kufungwa na nchi moja ahamie timu ya nchi yake ya asili, ikiwa hilo ni kwa manufaa ya maendeleo ya mpira wa kikapu katika nchi hiyo. Ukisoma masharti hayo unaona kama yameandikwa kwa ajili ya Sudan Kusini. Nchi mpya, haina timu, haina historia, na mmoja wa wachezaji bora wa NBA ni mwana wake. Desemba 2013, nchi ilipoingia FIBA, Deng alikuwa na miaka 28 na bado yuko kwenye ubora wake.

Hakuupitia upenyo huo, na kwa maoni yangu hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Tazama hali ya siku zile. Desemba hiyohiyo vita vilizuka Juba na vikaendelea kwa miaka. Timu ya taifa haikuwa na mashindano ya kushiriki wala mahali pa kufanyia mazoezi. Kuhamisha jezi kungeleta picha nzuri gazetini na mechi chache za kirafiki. Kungekuwa pia kumewapa Sudan Kusini kile walichopewa Waingereza: nyota mmoja akiwa amebeba timu mgongoni mpaka goti limkatae. Nchi haikukosa wachezaji. Walikuwa wametapakaa kuanzia Kakuma na Kampala hadi Melbourne na Omaha. Ilichokosa ni mtu wa kuwakusanya, mwenye namba za simu za makocha, anayeaminika na wazazi, na anayeweza kulipa tiketi. Sifa hizo zote Deng alizipata kwa sababu alicheza kwingine. Jina lake lilitoka NBA, uzoefu wake wa timu ya taifa ulitoka London, na kocha aliyekuja kumwajiri, Royal Ivey, alimfahamu tangu Blair Academy.

Baada ya kustaafu akashika urais wa shirikisho. Novemba 2020, kwenye mechi za kufuzu AfroBasket zilizochezwa Kigali, alikaa mwenyewe kwenye benchi kama kocha. Mwaka uliofuata, tena Kigali, Sudan Kusini ikashiriki AfroBasket kwa mara ya kwanza, ikaitoa Kenya njiani na kufika robo fainali. Kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2023 ikashinda 11 kati ya 12. Kwenye Kombe lenyewe, huko Manila, ikaipiga China 89 kwa 69, ikaifunga Ufilipino mbele ya mashabiki wake 87 kwa 68, na ilipoimaliza Angola 101 kwa 78 ikawa timu bora ya Afrika na kupata tiketi ya moja kwa moja ya Paris. Siku chache kabla ya Olimpiki, kwenye ukumbi wa O2 jijini London, Marekani ya LeBron James na Stephen Curry iliponea chupuchupu, 101 kwa 100, kwa kikapu cha LeBron katika sekunde za mwisho. Ukumbi huo ndio uliochezewa fainali ya Olimpiki ya 2012, ambayo Deng na Uingereza hawakuikaribia.

Gharama nyingi za safari, hoteli na kumbi za mazoezi alizitoa mfukoni mwake, na amelisema hilo wazi. Kuna jambo la kimkataba linalostahili kutajwa hapa. Mwaka 2016 Lakers walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72, kisha wakamweka kando. Msimu wa 2017/18 alicheza mechi moja tu. Walipoachana naye 2018, sehemu ya deni ilitandazwa kwenye miaka ya mbele, hivyo malipo yakaendelea hadi 2022, miaka ileile ambayo timu ya Sudan Kusini ilikuwa inasimama. Kwa mashabiki wa Los Angeles mkataba ule ulikuwa hasara tupu. Kwa mchezaji mwenyewe ulikuwa uhuru wa kufanya kazi isiyolipa.

Wachezaji aliowakusanya wanaonyesha kanuni ileile ya tarehe ikifanya kazi kwa namna tofauti. Wenyen Gabriel alizaliwa Khartoum, familia yake ikapitia Misri kabla ya kufika Marekani, njia inayokaribiana sana na ya Deng mwenyewe. Tofauti ni kwamba alipokuwa tayari kuchagua, Sudan Kusini ilikuwepo. Nuni Omot alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Carlik Jones, aliyekuwa injini ya timu Manila na Paris, alizaliwa Cincinnati na hana asili ya Sudan Kusini. Alipewa uraia, na akachukua nafasi moja pekee ambayo FIBA huiruhusu kila timu kwa mchezaji aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Wapo wasiopenda nafasi hiyo kutumiwa na Mmarekani. Mimi naona timu iliyojaa wana wa wakimbizi waliopokewa na mataifa mengine ina kila haki ya kumpokea mtu mmoja.

Upande wa pili wapo ambao tarehe ziliwapeleka kwingine. Thon Maker, mzaliwa wa Wau kama Deng, alivaa jezi ya Australia mwaka 2018. Duop Reath, mzaliwa wa Waat, alikuwa Paris 2024 na kikosi cha Australia huku Sudan Kusini ikicheza kwenye kundi jingine la mashindano hayohayo. Sijasikia Deng akiwalaumu hadharani, na angewezaje? Walifanya alichofanya yeye 2007: waliichezea nchi iliyowalea.

Pasipoti, hata ikiwa mbili, haimbadilishii mtu namna wengine wanavyomtazama. Septemba 2014 yalivuja maneno ya meneja mkuu wa Atlanta Hawks, aliyesoma ripoti iliyoutaja Uafrika wa Deng kana kwamba ni kasoro ya tabia inayopaswa kuangaliwa kabla ya kumsajili. Wakati huo Deng alikuwa raia wa Uingereza kwa miaka minane na mchezaji wa NBA kwa kumi. Alijibu kwa maandishi kwamba anajivunia kuwa na Uafrika ndani yake. Sikusoma jibu hilo kama la mtu anayeyumba kati ya nchi mbili.

Sasa nigeukie linalonipa wasiwasi. Mafanikio haya yamejengwa juu ya mtu mmoja, fedha zake, marafiki zake na simu yake. Hadi timu inakwenda Paris, Sudan Kusini haikuwa na uwanja wa ndani wa kikapu unaofaa mechi za kimataifa. Timu hiyo imejengwa Kigali, Manila, London na Lille, na mtoto wa Juba anaijua kupitia skrini. Klabu ya Cobra Sport ya Juba ilifika Basketball Africa League, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2022, kwa hiyo mbegu ipo, lakini ligi ya ndani haiwezi kukua juu ya saruji iliyopasuka chini ya jua. Uingereza ilikuwa na viwanja, ilikuwa na fedha za serikali, na bado timu yake ilinywea Deng alipoondoka.

Tofauti moja inanipa moyo, nayo ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Uganda, akachukuliwa na akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal. Alicheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16 na Olimpiki ya Paris akiwa na 17. Kisha akaenda Duke, na kwenye drafti ya 2025 alichaguliwa wa 10, haki zake zikaishia Phoenix Suns. Duke na Phoenix, majina mawili yaliyomo pia kwenye wasifu wa Deng. Kinachowatofautisha ni mpangilio: Maluach alikuwa mchezaji wa taifa la Sudan Kusini kabla hajakanyaga darasa la chuo cha Marekani. Hata akipata pasipoti nyingine kesho, kwa kanuni za FIBA tayari ameshachagua, na alichagua akiwa na nchi ya kuichagua.

Kazi iliyobaki ni ya Juba. Shirikisho linahitaji bajeti inayopitishwa na kuchapishwa, watendaji wanaolipwa mishahara ambao hawategemei ukarimu wa rais wao, na ukumbi mmoja wa ndani unaokidhi viwango vya FIBA ili mechi za kufuzu zichezwe nyumbani. Ukumbi huo ungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha za mafuta, na ungewafikia watoto ambao hawatapata kamwe ufadhili wa New Jersey au wa Saly. Uamuzi huo ufanyike Deng akiwa bado kiongozi, ana nguvu, na simu zake bado zinapokewa.